Mume akiumwa hupewi hata siku moja, akifa unapewa nne

Naanza na sheria, najua inachosha ila hii ni fupi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 34, inampa mfanyakazi angalau siku 4 za ruhusa yenye malipo kama mtoto wake anaumwa au kafariki. Hapo sawa. Halafu inaendelea na wengine, mume au mke, mzazi, babu na bibi, mjukuu, kaka na dada, ila ukifika hapo neno kuumwa limeshatoweka, kimebaki kifo peke yake. Yaani mumeo akiwa wodini wiki mbili hajitambui, sheria haikupi hata asubuhi moja ya kulipwa ya kwenda kumgeuza, subiri afe ndio zije siku 4 za kulipwa, na ukitaka za ziada ni mwajiri akubali na hizo hazilipwi.

Nilisoma hicho kifungu mara tatu nikidhani nimeruka mstari. Sijaruka.

Na hapo tunaongelea mwenye ajira, mwenye mkataba na bosi wa kumuomba ruhusa, huyo ndio mwenye nafuu. Watu wengi hawako huko, wako kama jirani zangu wawili hapa Kihonda, Morogoro, ambao ndio wamenifanya niandike hii makala maana nimechoka kusikia kila kiongozi akiulizwa kuhusu wagonjwa maskini anajibu bima, bima, bima, kama vile ugonjwa unaishia kwenye geti la hospitali.

Mzee ni fundi ujenzi, mwashi, mikono yake imejenga nusu ya nyumba za mtaa huu. Mkewe anauza maandazi na chai pale kituoni. Hawakuwa matajiri wala hawakuwa watu wa kuombaomba, siku yenye kazi fundi anarudi na elfu 25 mpaka 30, mama kwenye maandazi anabaki na elfu 9 hivi baada ya kutoa unga, mafuta na mkaa. Jumamosi moja fundi yuko juu ya jukwaa, mwiko ukamtoka mkononi, kibarua chini akadhani anataniwa, kuangalia vizuri mdomo umeshapinda. Kiharusi. Presha alikuwa nayo miaka, vidonge alikuwa anameza akikumbuka, na akikumbuka ni kama pesa ipo.

Kalazwa siku 8, karudi nyumbani upande wa kulia haufanyi kazi na maneno yanatoka nusunusu. Daktari kasema vidonge kila siku bila kuacha, na mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki, Jumanne na Alhamisi, tena miezi ya mwanzo ndio muhimu kuliko yote, asiruke.

Sasa hebu tuhesabu pamoja, maana hapa ndipo watu wa sera wanapotupotezea. Mtu aliyepooza upande mmoja humpandishi daladala ya saa moja asubuhi, nani atamsubiri apande? Ni bajaji, elfu 5 kwenda na elfu 5 kurudi, mara mbili kwa wiki ni elfu 20, kwa mwezi elfu 80. Siku hizo mbili mama hakaangi maandazi kabisa, hiyo ni elfu 18 kwa wiki, elfu 72 kwa mwezi. Jumlisha, laki moja na elfu 52. Hujanunua kidonge hata kimoja, hujalipa hospitali hata shilingi, na kipato cha fundi chenyewe kilichokata siku ile ya mwiko bado hakijaingia kwenye hesabu. Siku nyingine zilizobaki nazo si nzima, anaamka saa tisa usiku kukanda kama zamani lakini saa mbili lazima awe karudi kumwogesha, kumbadilisha, kumlisha uji kwa kijiko taratibu asipaliwe, na maandazi yaliyobaki anayauza binti wa kidato cha pili kabla ya shule, akichelewa anapigwa, akiwahi maandazi yanalala.

Kwa hiyo nyumba iliyokuwa na vipato viwili imebaki na nusu ya kimoja. Ugonjwa umeingia kwa mtu mmoja ila umewaondoa kazini wawili. Hicho ndicho nataka tukiongelee, maana ukipitia kila msaada tulionao nchi hii, mmoja baada ya mwingine, utakuta unamuona mgonjwa, unaona bili yake, huyu wa pili haumuoni kabisa.

Bima kwanza. CHF, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ilianza kwa majaribio Igunga, Tabora, miaka ya katikati ya tisini, na kuanzia 2018 ikaja CHF iliyoboreshwa, iliyokuwa elfu 30 kwa mwaka kwa kaya ya watu mpaka 6 huku mikoani (Dar bei yake nyingine), unatibiwa kuanzia zahanati mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa. Elfu 30 kwa watu sita, mi naona ni bei ya uungwana kabisa na sitaungana na wanaoiponda. Hawa jirani zangu waliwahi kuwa nayo, mwaka ule hakuna aliyeumwa hata mafua, mama akaona kapoteza elfu 30, hakurudia. Mnaocheka, wangapi kati yenu mnakata bima mkiwa wazima? Baada ya kiharusi kakata tena. Imesaidia kumuona daktari, imesaidia vipimo, ila mara mbili kafika dirisha la dawa kaambiwa hii hamna kanunue nje, na nje ni nje, kadi haitambuliki. Na bajaji haijui CHF ni nini.

Halafu kuna bima kubwa, ile ya kwa wote, sheria yake Bunge lilipitisha Novemba 2023, na kwenye kampeni za 2025 Rais Samia akaahidi majaribio ndani ya siku 100 za kwanza. Mi naiunga mkono kwa mikono miwili. Ina kitu kizuri ndani ambacho watu hawakisemi sana, mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo, na sheria imeutajia na vyanzo, ushuru wa soda, pombe na vipodozi, kodi ya michezo ya kubahatisha, na vingine. Lakini hata hiyo ikitekelezwa bila kasoro moja, dawa zote zipo, foleni hamna, yule mama bado ana pengo lake la laki moja na nusu kila mwezi. Bima inalipa hospitali. Hailipi Jumanne wala Alhamisi.

Halafu kuna misamaha. Tangu 1993 tulipoanza kuchangia gharama za matibabu, sera imekuwa na makundi ya kusamehewa, wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, wazee wasiojiweza, wenye baadhi ya magonjwa sugu, na asiye na uwezo kabisa anapitia ustawi wa jamii. Hapo nilienda na yule mama mwenyewe, wakati mumewe bado kalazwa, maana alikuwa anaogopa kwenda peke yake. Barua ya mwenyekiti wa mtaa mkononi, imekunjwa mara nne ndani ya kanga. Afisa alikuwa mtu mzuri tu, tena mpole, akamkaribisha, shikamoo zikapita, akaanza kujaza. Jina la mgonjwa. Umri. Kazi. Ana mke? Anaye, ndio mimi. Mke anafanya kazi gani? Nauza maandazi baba. Nikaona kalamu inaandika neno moja: mjasiriamali.

Nilitaka kucheka. Karai moja, jiko la mkaa na ndoo ya plastiki, tayari ni mjasiriamali, na mjasiriamali bila shaka ana kipato, kwa hiyo akapunguziwa, hakusamehewa. Simlaumu yule afisa, fomu ndio ilivyo, ina nafasi ya kuandika mke anaingiza nini, haina nafasi ya kuandika kwamba kuanzia leo mke huyu ndiye nesi wa huyu mgonjwa kwa miezi au miaka na hicho kipato unachokiandika sa hivi kinakufa wakati unakiandika.

Twende TASAF, maana najua kuna mtu ameshaanza kuandika "si waende TASAF". TASAF, ule Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ipo tangu 2000, na huu mpango wa kunusuru kaya maskini ulianza miaka ya 2012 na 2013, awamu ya pili ikazinduliwa 2020. Mi sio katika wale wanaosema haina maana, nimeona watoto wamebaki shule kwa sababu yake. Ila jinsi unavyoingia ndio ishu. Kaya zinatambuliwa kwenye mkutano wa hadhara wa mtaa, halafu linakuja dodoso linaloangalia umaskini kwa vitu vinavyoonekana, nyumba imejengwa na nini, paa, sakafu, mna nini ndani. Sasa jirani yangu ni fundi ujenzi! Nyumba yake ni ya tofali, kaijenga mwenyewe miaka 11 kwa tofali zilizobaki saiti na mifuko ya saruji nusunusu, bati kalipwa badala ya hela na mteja aliyekwama kumlipa. Ukuta wake umenyooka kuliko wa diwani. Kwenye dodoso huyo si maskini, hata kama ndani ya huo ukuta ulionyooka jana wamelala na uji.

Na utambuzi wenyewe haufanyiki kila siku, unafanyika kwa vipindi, ukikosa hapo ni mpaka zoezi lirudi. Umaskini wa ukame au wa kuzaliwa nao unaweza kuusubiri mkutano wa mtaa, huu wa kiharusi unaingia Jumamosi saa nne asubuhi na unataka hela Jumatatu.

Tuseme wangeingia. Awamu ya kwanza ruzuku ya msingi ilikuwa 10,000 kwa mwezi, wenye watoto wakiongezewa mpaka kiwango cha juu 38,000, inalipwa kila baada ya miezi miwili. Awamu ya pili wakaongeza na ruzuku kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu, hatua nzuri. Lakini mtaani ukisema fundi aingie huko utaambiwa huyu ni mgonjwa, sio mlemavu, atapona. Miezi mingapi anatakiwa asipone ndio ahame upande, hakuna anayekujibu. Kuna zile ajira za muda pia, kuchimba mitaro, kutengeneza barabara, siku 60 kwa mwaka, posho ilianza 2,300 kwa siku ikaja kuwa 3,000. Zidisha, laki na elfu 80 kwa mwaka mzima. Na kuipata lazima kaya iwe na mtu mwenye nguvu za kufanya kazi. Nani? Si ndio huyu mama, mzima, miaka 40 na kitu, hana hata ulemavu wa kidole. Kwenye karatasi ni nguvu kazi. Nyumbani kuna mwanaume wa kilo 80 anayesubiri kugeuzwa asitoke vidonda vya mgongo.

Sasa nirudi kwenye sheria, maana kuna nyingine inayonikera zaidi ya ile ya kwanza. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 63. Kwanza inampa mume jukumu la kumtunza mke, malazi, mavazi na chakula, hilo wote tunalijua mpaka kwenye vigodoro linaimbwa. Lakini sehemu ya pili watu hawaisomi: mke mwenye uwezo naye ana jukumu la kumtunza mume iwapo mume ameshindwa kujipatia riziki, kabisa au kwa kiasi, kwa sababu ya kuumia au maradhi ya mwili au akili. Iko hivyo tangu 1971. Kwa maana hiyo dola inamjua vizuri sana huyu mama, ilishamuona zaidi ya miaka 50 iliyopita na ikampa kazi. Ikija zamu ya kumbebesha, jina lake linapatikana haraka, ikija zamu ya kumsaidia, faili halionekani.

Mtu ataniambia hizo ni habari za Ulaya, kumlipa mtu kwa kumuuguza mumewe mwenyewe, wapi na wapi, si ndio ndoa hiyo, kwa shida na raha. Poa, tuiangalie hiyo Ulaya. Uingereza walianza kulipa posho ya mtu anayemuuguza mwenzake mwaka 1976, na mnajua walimtoa nani? Mwanamke aliyeolewa. Hoja ilikuwa hiyohiyo, mke yuko nyumbani anyway, atauguza tu, kwa nini alipwe. Ikachukua miaka 10, mama mmoja aliyeacha kazi kumuuguza mama yake akaenda mahakamani, kesi ikafika mpaka mahakama ya Ulaya, na 1986 serikali yao ikashindwa. Kwa mwaka wa fedha wa 2025/26 ilikuwa pauni 83.30 kwa wiki kwa anayeuguza angalau saa 35, na bado wao wenyewe wanalalamika ni kidogo. Sisemi tukaige hizo pauni, bajeti yetu naijua. Nasema ile dhana kwamba mke yupo tu sio mila yetu sisi peke yetu, kuna wenzetu waliiandika kabisa kwenye sheria, na ilipopelekwa mbele ya majaji ikaanguka.

Na hata jirani hapa Kenya, kwenye ule mpango wao wa Inua Jamii wana dirisha la watu wenye ulemavu mkubwa, wale wanaohitaji kuangaliwa muda wote, shilingi zao 2,000 kwa mwezi, na hela inapitia kwa yule anayemuangalia. Ni hela ndogo na inachelewa sana, wakenya wenyewe watakwambia. Ila angalau kwenye mafaili yao kuna nafasi ya huyo mtu wa pili.

Watu watadanganya, najua, hiyo ndio hoja ya kwanza kila ukitaja ruzuku, kila mtu atakuwa na mume mgonjwa. Jamani, kiharusi kina faili hospitali. Kusafishwa figo kuna kadi yenye tarehe, mtu anakaa kwenye mashine masaa manne, mara mbili tatu kwa wiki, unadhani mtu ataigiza hiyo? Matibabu ya saratani nayo yana faili. Hawa ndio watu rahisi kuhakikiwa kuliko kaya zote maskini nchini, kwa sababu serikali yenyewe inawaona mlangoni kwake kila wiki na inawapiga muhuri. Unachohitaji ni yule afisa wa ustawi, ambaye tayari yupo pale hospitali na analipwa mshahara, awe na mstari mmoja zaidi kwenye fomu: anayemuuguza ni nani, na amepoteza siku ngapi. Na Zanzibar wametuonyesha kwamba ukitaka urahisi unaweza, pensheni jamii yao ya 2016, ukifika miaka 70 unapata, ilianza na 20,000 kwa mwezi baadaye ikapandishwa hadi 50,000, hakuna anayekuja kukagua bati lako.

Hela itoke wapi? Ule mfuko wa wasio na uwezo niliousema. Kama soda na kubeti vitachangia dawa ya mgonjwa, vichangie na bajaji yake, maana dawa bila bajaji ni mazoezi yaliyorukwa, na mazoezi yakirukwa mtu aliyeweza kurudi kushika mwiko baada ya mwaka anabaki kitandani miaka kumi, na hiyo miaka kumi nani atailipia? Mi ningeanza na nauli tu, hata kabla ya posho ya mama. Ni rahisi, ina tarehe, ina stampu ya kliniki, unatumiwa kwenye simu siku uliyohudhuria. Ukiona inafanya kazi ndio uongeze ya pili.

Na kifungu cha 34 hakihitaji hata shilingi ya serikali, kinahitaji maneno. Pale kilipoandikwa kuumwa au kifo cha mtoto, waongeze mume au mke. Mgonjwa mwenyewe akiwa muajiriwa sheria inamjali vizuri tu, siku 126 za likizo ya ugonjwa ndani ya mzunguko wa miezi 36, 63 za mwanzo mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu (na kama hukujua hilo, lijue leo, ni haki yako ukiwa na cheti cha daktari anayetambulika, usikubali kuambiwa uandike barua ya kuacha kazi). Aliyeitunga aliweza kufikiria ugonjwa wa miezi minne. Hakufikiria ni nani atakuwa anapika uji miezi yote hiyo.

Juzi nimepita kwao jioni. Mzee anaanza kusogeza vidole, kashikishwa kijiti cha mwiko wake wa zamani, anakibana na kukiachia, anakibana na kukiachia, na anacheka kwa ule upande wa mdomo unaocheka. Mama alikuwa anahesabu hela kwenye kopo. Nikamuuliza Alhamisi mnaenda? Akasema Alhamisi tutaruka shemeji, tutaenda Jumanne, wiki hii nataka nikaange siku zote tano binti apate hela ya mtihani.